Kati ya Msema Kweli na Funika Kombe

Mwenye kununua bido la mawese katika soko la Rumonge haamini rangi peke yake. Humimina kiasi kidogo kwenye sufuria, akakiweka motoni, akasikiliza. Mafuta safi huchemka kwa utulivu. Yaliyotiwa maji hulia na kuruka. Tuseme ni mama mmoja, amekwisha kulipa, amefika nyumbani, na sufuria inalia. Hasara ameshaipata. Linalobaki ni swali ambalo si la biashara tena: kesho arudi sokoni amtaje muuzaji kwa jina mbele ya wateja wengine, au anyamaze amwachie Mungu?

Lugha yake haimsaidii sana, kwa maana imempa majibu mawili. Msema kweli mpenzi wa Mungu, linasema la kwanza. Funika kombe mwanaharamu apite, linajibu la pili. Katika mji huu ulio kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mwalo, ya soko na ya msikiti, majibu yote mawili husikika kabla jua halijawa kali, na mara nyingine hutoka katika mdomo mmoja.

Swali la mama wa mawese ndilo linalomkabili mwandishi wa safu gazetini, mtangazaji wa redio na mtunzi wa riwaya. Tofauti ni kwamba wauza mafuta yenye maji wanaowahusu wao mara nyingine wana nyota mabegani. Je, mtu asiyemung'unya maneno ni mcha Mungu au ni mfitini? Na anayenyamaza ana hekima, au ana hofu aliyoivisha kanzu?

Dini mbili kubwa za mwambao huu wa Ziwa Tanganyika zina familia moja ambayo ndani yake swali hili liligawanywa baina ya baba na mwana. Zakaria alipoambiwa kwamba atapata mtoto uzeeni, alinyimwa sauti. Katika Qur'ani ni kwa siku tatu, iwe ishara. Katika Injili ya Luka ni mpaka mtoto alipopewa jina, kwa kuwa alitia shaka. Mwana huyo, Yahya kwa Waislamu na Yohana Mbatizaji kwa Wakristo, hakujua kufunika kombe. Injili zinasimulia kwamba alimwambia Herode waziwazi kuwa si halali kwake kumchukua mke wa ndugu yake, na kichwa chake kikaishia kwenye sinia. Baba bubu, mwana mwenye ulimi wa moto, na wote wawili wamehesabiwa miongoni mwa watu wema. Luka anaongeza jambo ambalo waandishi wangepaswa kulipenda: sauti ya Zakaria ilikuwa bado haijarudi alipoomba kibao akaandika jina la mtoto. Kalamu ilimtangulia ulimi.

Kwa hiyo dini haikumpa muumini ruhusa ya kuchagua kimya au kauli mara moja kwa maisha yake yote. Imemtaka apime kila mara. Kipimo ndicho kigumu.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa makini ya mwanasheria ni Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 aliyesomesha Damascus, mji ambao Msikiti wake wa Umayya unasemekana kuhifadhi kichwa cha Yahya. Katika Riyadhus Salihin, kitabu kinachofahamika vizuri katika madrasa za Afrika Mashariki, anaanza kwa kufunga mlango. Kumsema ndugu yako nyuma yake kwa jambo analolichukia ni ghiba, hata kama ni kweli tupu, na ghiba ni haramu. Kisha anafungua milango sita. Aliyedhulumiwa anaweza kumshitaki dhalimu kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Anayetaka uovu uzuiwe anaweza kumtaja mtendaji kwa anayeweza kumzuia. Anayeomba fatwa anaweza kueleza yaliyomkuta. Anayewatahadharisha wengine na madhara anaruhusiwa kusema, na hapo huingizwa hata kazi ya kuwachambua wapokezi wa hadithi na mashahidi. Anayefanya maovu yake hadharani anaweza kutajwa kwa hayo aliyoyadhihirisha. Na mtu asiyejulikana ila kwa sifa fulani, kama uchongo au ulemavu wa mguu, anaweza kutambulishwa kwayo pasipo dharau.

Mama wa mawese, basi, ana milango miwili iliyo wazi, wa mwenye kudhulumiwa na wa mwenye kutahadharisha. Lakini mlango hufunguka kwa kadiri ya haja. Akishasema kwamba mafuta ya fulani yalikuwa na maji, amemaliza. Akiongeza kwamba ukoo wa fulani ni wezi tangu babu yao, ametoka nje ya ruhusa na ameingia katika ghiba iliyokatazwa. Nawawi mwenyewe hakuishia vitabuni. Alimwandikia Sultani Baybars, mtawala wa Misri na Sham, akimkemea kwa mizigo ya kodi iliyowaelemea raia.

Asidhani mtu kwamba kalamu kali ni mambo ya mbali. Mombasa ilikuwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 al-Islah, magazeti ambayo ndani yake aliandika kwa ukali juu ya uvivu wa Waislamu wenzake wa pwani, ujinga wao wa elimu ya dunia, na mila walizozivika joho la dini. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi. Mtu huyu hakuwa mpiga kelele wa barazani. Alikuwa kadhi, na kuanzia 1937 hadi kifo chake 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliyeaminiwa kuamua kesi za watu kwa sauti ya chini ndiye aliyewakemea hadharani kwa wino, na aliowakemea kwanza walikuwa wa nyumba yake.

Ukiitafuta sheria ya kazi ya uandishi katika Qur'ani, utaikuta karibu yote katika Suratul Hujurat, sura fupi ya aya 18. Aya ya 6 inawaagiza waumini kuchunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine na kubandikana majina mabaya. Aya ya 12 inakataza dhana nyingi, upelelezi na ghiba, na ndiyo yenye ule mfano wa kutisha wa kula nyama ya ndugu aliyekufa. Aya ya 13 inakumbusha kwamba mataifa na makabila yaliwekwa ili watu wajuane. Mpangilio huo unafundisha. Kati ya agizo la kuchunguza habari na ukumbusho kwamba kabila si cheo, dharau, dhana na ghiba zimekaa pamoja. Mkristo ataupata mwangwi wake katika sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo, ambako ulimi unafananishwa na cheche inayounguza msitu.

Burundi ina riwaya moja inayoweza kusomwa kama ufafanuzi wa aya ya 6 na ya 12, ingawa mtunzi wake hakuwa akiandika tafsiri ya Qur'ani. Roland Rugero alizaliwa 1986, akapitisha sehemu ya utoto wake ukimbizini Rwanda na Tanzania, kisha akawa mwandishi wa habari katika gazeti la Iwacu mjini Bujumbura. Mwaka 2012 alichapisha Baho! kwa Kifaransa. Mwaka 2016 ilitoka kwa Kiingereza, riwaya ya kwanza ya Mrundi kupata tafsiri hiyo.

Mhusika wake, Nyamuragi, ni kijana bubu. Siku moja amebanwa na haja. Anakutana na msichana, na kwa kuwa hana sauti anamwonyesha kwa mikono anachokitafuta, mahali pa kujisitiri. Mikono ile inafanya ishara, msichana anaona jambo jingine, anapiga kelele. Nyamuragi anashtuka, anakimbia, na kukimbia kwake kunageuka ushahidi. Kijiji kinakusanyika. Kila mmoja ana la kusema: mzee ana falsafa yake, kijana ana hasira yake, mama ana kumbukumbu ya vita na ya wasichana waliobakwa kweli. Hasira yao haikuzuka hewani. Nchi ilikuwa imepitia mengi. Lakini katika umati mzima wa wasemaji, aliye na habari ya kweli ni yule mmoja asiyeweza kuitamka.

Inashangaza kidogo kwamba mwandishi wa habari, mtu anayeishi kwa maneno, akipewa uhuru wa riwaya anamchagua shujaa asiye na neno. Rugero alikuwa anaijua hatari ya kazi yake. Ukweli unaweza kuwamo kijijini, ukawamo hata machoni pa watu, na wingi wa wasema kweli wasiochunguza ukauzika ukiwa hai. Methali inampenda msema kweli. Haijasema kwamba kila anayesema kwa sauti kubwa anasema kweli.

Basi anayechunguza kwanza, kisha akasema, amepona? Mbele ya Mungu labda. Mbele ya serikali, si lazima.

Tarehe 7 Septemba 2014 na usiku ulioifuata, masista watatu Waitaliano wazee, Lucia Pulici, Olga Raschietti na Bernadetta Boggian, waliuawa katika nyumba yao ya kitawa huko Kamenge, Bujumbura. Polisi walimkamata mtu mmoja haraka, aliyeelezwa kuwa mgonjwa wa akili, na wengi mjini hawakuridhika. Januari 2015 Radio Publique Africaine, iliyojulikana kwa herufi RPA, ilirusha mfululizo wa vipindi ambavyo ndani yake mtu mmoja alidai alishiriki katika mauaji hayo na akawataja maofisa wa usalama. Mkurugenzi wa redio, Bob Rugurika, aliitwa kwa mahojiano tarehe 20 Januari na hakurudi nyumbani. Miongoni mwa mashitaka yake yalikuwamo kuvunja siri ya upelelezi na kumficha mhalifu. Alitolewa mwezi mmoja baadaye kwa dhamana ya faranga milioni 15, na maelfu ya watu wakajaa barabarani kumpokea.

Katika kisa hicho kauli na kimya viko upande mmoja. Redio ilisema juu ya damu ya watawa watatu, na redio hiyo hiyo ikamlinda aliyeipa habari. Atakayeona kinyume katika hayo awakumbuke Zakaria na Yahya. Mtu anaweza kuwa na ulimi wa mwana kwa kitendo cha dhuluma, na midomo ya baba kwa amana aliyokabidhiwa.

Gharama, hata hivyo, haigawanywi kwa haki. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, RPA na vituo vingine vya binafsi vilishambuliwa na kuharibiwa, na waandishi wengi wakakimbia nchi. Tarehe 22 Julai 2016 Jean Bigirimana, mwandishi wa Iwacu, aliondoka nyumbani kwake Bujumbura kwenda Bugarama, Muramvya. Hajaonekana tena. Mkewe na watoto wao waliishia uhamishoni. Wapo wanaosema kwamba ushujaa wa kalamu ni mtu kukubali kulipa mwenyewe. Ni maneno mazuri, lakini hayawezi kusemwa mbele ya watoto wa Bigirimana bila aibu. Asemaye kweli hulipa kwa mfuko ambao familia nzima inakula humo, na mcha Mungu anayepima kama aseme au asiseme ana haki ya kuuhesabu mfuko huo. Hekima ya funika kombe imetoka hapo. Si woga mtupu. Ni mama anayehesabu vichwa vya watoto usiku.

Zaidi ya hayo, kulipa gharama si ushahidi kwamba ulichokisema ni haki. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, Rwanda, alikuwako Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura alilolianzisha 1990. Ni mtu wa sifa zote za mwandishi asiyeogopa. Alikejeli wakubwa, alikamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja, na wauza magazeti hawakukosa wateja. Desemba 1990 Kangura lilichapisha zile ziitwazo Amri Kumi za Wahutu, zilizofundisha kwamba Mtutsi hafai kuolewa, kuaminiwa wala kuhurumiwa. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, ilimhukumu kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 ikakipunguza kuwa miaka 35. Pamoja naye walihukumiwa watu wa redio RTLM.

Ngeze alikuwa na ulimi mkali, alikuwa na ujasiri, alilipa. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Milango yote sita ya Nawawi ni milango ya mtu aliyetenda jambo, au ya mtu mmoja anayetambulishwa. Hakuna hata mmoja unaofunguka kwa taifa zima, kwa kosa la kuzaliwa. Kutaja kitendo na mtendaji wake ni ushahidi. Kutaja ukoo ni ghiba iliyokua ikawa panga.

Tofauti hiyo ya kitendo na ukoo ndiyo kipimo ambacho makala hii inakitetea, na namna nzuri ya kukijaribu ni kukiweka juu ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu wala Mkristo, na aliyesema hadharani kwamba hana uhakika kama Mungu yupo.

Khushwant Singh alizaliwa 1915 katika kijiji cha Hadali, kilicho Pakistan ya leo, na alikufa Delhi tarehe 20 Machi 2014 akiwa na miaka 99. Alikuwa mwanasheria, mwanadiplomasia, mhariri, mbunge, na kwa miongo mingi mwandishi wa safu iliyochapishwa na magazeti mengi ya India. Nembo yake, iliyochorwa na Mario Miranda, ilimwonyesha ameketi ndani ya globu ya taa na vitabu vyake na chupa ya wiski. Aliwadhihaki wanasiasa, watabiri wa nyota, matajiri, na nafsi yake mwenyewe. Hakusali, lakini hakuvua kilemba cha Singasinga wala hakunyoa ndevu, na aliandika historia ya Masingasinga katika juzuu mbili, 1963 na 1966, ambayo waumini wa dini hiyo wenyewe hujisomea.

Riwaya yake Train to Pakistan, ya 1956, inahusu kiangazi cha 1947, India ilipokatwa vipande viwili na mamilioni wakahama huku mamia ya maelfu wakiuawa. Kijiji cha Mano Majra, ambako Masingasinga na Waislamu wameishi pamoja kwa vizazi, kinashuhudia treni ikifika imejaa maiti. Wakorofi wanapanga kulipiza. Kamba itafungwa juu ya daraja usiku, iwafagie Waislamu watakaokuwa wamekaa juu ya mabehewa kuelekea Pakistan. Watu wawili wana nafasi ya kuzuia. Mmoja ni Iqbal, msomi kutoka mjini, mwenye maneno mengi na jina ambalo Mhindu, Mwislamu na Singasinga wote wanaweza kulibeba. Anajadiliana na nafsi yake kama kusema kutakuwa na maana, anakunywa wiski, analala. Wa pili ni Jugga, mhuni wa kijiji asiyejua kusoma, ambaye mpenzi wake Mwislamu yumo katika treni ile. Anapanda darajani, anaikata kamba huku akipigwa risasi, na treni inapita.

Singh aliwapa hukumu hiyo watu wa aina yake mwenyewe, wasomi wa kusema. Na karibu miaka ishirini baadaye maisha yalimpa mtihani ule ule, akaanguka. Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari mwaka 1975 na kuwafunga wapinzani na kuyaziba magazeti, mwandishi huyu aliyewacheka wote aliiunga mkono serikali na kumtetea Sanjay, mwana wa waziri mkuu. Kitendo kilikuwa mbele ya macho yake, mtendaji alikuwa rafiki, kombe likafunikwa. Ulimi mkali juu ya mambo ya anasa haukumsaidia kitu. Kuchekesha watu na kusema kweli ni kazi mbili.

Kisha ikaja 1984. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameandika dhidi ya Bhindranwale na wapiganaji wa dini yake mwenyewe waliokuwa wakiua watu Punjab, na kwa hilo maisha yake yalikuwa hatarini. Lakini jeshi lilipoingia kwa vifaru katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar mwezi Juni, aliirudishia serikali nishani ya Padma Bhushan aliyopewa 1974. Wakali wa dini yake walimwona msaliti. Wakali wa taifa wakamwona msaliti pia. Alichofanya kilikuwa kutaja vitendo viwili vya watendaji wawili, bila kumwachia yeyote ukoo wake umfiche. Mwishoni mwa Oktoba Indira aliuawa na walinzi wake Masingasinga, na makundi ya watu Delhi yakaanza kumtafuta kila mwenye kilemba. Maelfu waliuawa. Singh, mzee wa karibu miaka 70, alilazimika kujihifadhi katika ubalozi wa Sweden, katika jiji ambalo baba yake alikuwa miongoni mwa wajenzi wake wakubwa. Umati haukumuuliza aliandika nini. Ulitazama kichwani.

Mtu asiye na yakini ya Mungu, basi, anaweza kuingia katika methali ya msema kweli? Waliomo kwenye dini wajibu wenyewe. Itoshe kwamba kipimo cha Hujurat kinamgusa sawasawa. Kilimhukumu 1975 na kikamtetea 1984, bila kuuliza alisali wapi.

Upande wa pili wa kipimo hicho uliandikwa kwa damu juu ya milima inayoitazama Rumonge. Buta iko Bururi, eneo lililokuwa mkoa na ambalo Rumonge ilikuwa sehemu yake hadi ilipopewa mkoa wake Machi 2015. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta na kuingia katika bweni la wanafunzi. Vijana waliamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Hawakujitenga. Vijana 40 wakauawa pamoja. Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, aliyenusurika, aliandika kitabu juu yao, na Kanisa limefungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Wale vijana waliulizwa swali lenye jibu la kweli. Kila mmoja alijua mwenzake ni nani. Kwa msema kweli wa juujuu, kulijibu kungekuwa kusema kweli tu, habari isiyo na uongo ndani yake. Walielewa kwamba kuna ukweli ambao anayeuuliza hataki kuujua bali anataka kuutumia. Kimya chao kilikuwa katika haki kwa sababu ile ile iliyoifanya kauli ya RPA iwe katika haki: aliyeulizwa juu ya kitendo ana ushahidi wa kutoa, na aliyeulizwa juu ya ukoo ana ndugu wa kulinda.

Miaka sita baadaye, tarehe 29 Desemba 2003, mwezi ule ule Arusha iliposoma hukumu ya Kangura, balozi wa Papa nchini Burundi, Askofu Mkuu Michael Courtney, alikuwa akirudi Bujumbura kwa barabara ya ziwani baada ya kumzika padri. Gari lake lilipigwa risasi karibu na Minago, na alikufa hospitalini. Mwanadiplomasia huyo mzaliwa wa Ireland alikuwa mtu wa mazungumzo ya faragha, akijaribu kuwaleta waasi na serikali kwenye meza moja. Hakuandika safu, hakushambulia mtu kwa jina. Anayedhani kwamba upole wa ulimi ni ngao apite Minago.

Kwa watu wa Rumonge haya yana mashamba ndani yake. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi ya waasi yalianza katika ukanda huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu yanayokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, wasomi wakiwindwa kwanza. Wengi wa ukanda huu walikimbilia Tanzania. Waliporudi baada ya miongo walikuta michikichi yao inavunwa na wengine, baadhi wakiwa wamegawiwa ardhi hiyo na serikali yenyewe, na tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ikajaa mafaili. Katika kila shauri la namna hiyo kuna maswali ya aina mbili. Nani alipewa shamba hili, lini, na ofisi gani, kwa hati gani: hayo ni maswali ya kitendo, na anayeyajua akanyamaza anashiriki dhuluma. Ninyi ndio mliotuua, ninyi ndio mliotupora: hayo ni ya ukoo, na hata yakisemwa kwa machozi ya kweli hayamrudishii mtu mchikichi mmoja. Aliyepanda mwaka 1980 shamba alilopewa kihalali na afisa anaweza naye kuwa amedhulumiwa na mkono ule ule.

Wenye minbari na wenye altare wana kazi hapa ambayo waandishi hawawezi kuifanya peke yao. Hotuba juu ya ghiba ni nyingi, na hupendwa na wakubwa kwa sababu huishia pale mlango unapofungwa. Khatibu atakayeigusa maudhui hiyo Ijumaa yoyote na aisome milango sita yote ya Nawawi, kisha awasomee watu aya ya 6 ya Hujurat pamoja na ya 12. Padri atakayehubiri juu ya ulimi kwa maneno ya Yakobo na asimalize kabla hajaeleza kwa nini Yohana alikatwa kichwa, na kwa nini vijana wa Buta hawakujibu. Na mwenye gazeti, redio au simu mkononi, kabla hajaituma habari, ajiulize kama aliyemtaja ametajwa kwa alilolitenda au kwa alikozaliwa. Ikiwa ni la pili, aifute.